Eda na Mkwe Mpolandi

Jumatatu, 3 Februari. Ibra

Chupa ya kahawa imejazwa tena. Sahani ya tende pia. Wanawake wa alasiri wamekuja, wamesema makiwa, wamekunywa, wametikisa vikombe kuonyesha wametosheka, wameondoka. Sasa nangoja wa magharibi. Siku tatu za azaa, za kupokea makiwa, zimeshapita lakini watu wa mbali bado wanafika. Jana walikuwa wa Manah. Leo wa Sur.

Mimi niko pale pale chini ya dirisha. Nguo nyeupe. Sina wanja, sina hina. Udi umo kabatini na harufu yake naisikia mpaka huku, lakini eda ni eda. Miezi minne na siku kumi sitoki.

Mume wangu amekufa usingizini na mimi sijalia. Naliandika kama lilivyo. Sijalia na sisikii kitu. Ni kama sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Shavu lipo, ukilishika unalishika, lakini si lako.

Ninachofanya ni kutabasamu. Kila anayeingia namtabasamia. Nilikaa mapokezi ya hospitali mpaka nikastaafu, uso ukazoea. Mtu akisimama mbele yangu midomo inafunguka yenyewe. Wanatoka wanaambiana, mashaallah, Bi Rahma ana subira. Hakuna aliyeniuliza nina hali gani. Wanaiona.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya soko la wanawake. Dorota alikwenda peke yake, akarudi na ndimu na bizari, akaweka jikoni, akaosha mikono, akaja kukaa nami.

Dorota ni mke wa mwanangu Nasr. Mpolandi. Nasr alipelekwa kwao kusoma udaktari, akarudi na shahada na mke. Wanakaa Nizwa. Dorota ni daktari wa meno huko. Mzee alipofariki alichukua likizo isiyo na mshahara, akamchukua mtoto wao Zuhra, akaja kulala nami ili nisiwe peke yangu. Nasr anakuja Alhamisi jioni.

Tangu aolewe, ukoo una neno moja tu juu yake: hacheki. Msemaji mkuu ni wifi yangu Salma, dada yake marehemu, anayekaa Sur. "Kazi yake meno ya watu," husema, "yake mwenyewe hayaonyeshi." Tulishacheka sana kwa neno hilo. Mimi pia nilicheka.

Hata harusini. Bibi harusi wa kwetu naye hacheki, tusidanganyane. Lakini anainamisha macho, ndiyo haya yenyewe. Dorota alikaa kwenye kiti chake akawatazama watu mmoja mmoja kama anayekagua. Salma alisema pale pale, huyu kaja kuolewa au kaja kufunga duka letu?

Jumapili, 9 Februari

Jambo la ajabu. Watu wanamsifu Dorota.

Leo walikuja wanawake wa Wadi Bani Khalid, jamaa za marehemu upande wa mama yake. Hawakumjua. Walimwona anapita na birika. Mmoja akaninong'oneza, "Mkwe wako huyo, maskini. Amemlilia mzee mpaka uso umekauka." Mwengine akasema watoto wa siku hizi wanacheka matangani, simu mkononi, lakini huyu mgeni anajua huzuni ni nini.

Salma alikuwepo. Alimtazama Dorota kama anamwona leo. "Sikujua kama ana mapenzi hivi," akaniambia, na machozi yakamtoka. Salma analia upesi na anacheka upesi. Nampenda kwa hilo.

Uso ule aliokuwa nao Dorota na birika ndio uso aliokuwa nao Jumatano akitoa ndimu mfukoni. Ndio ule ule wa harusini. Haujabadilika hata kidogo. Nyumba ndiyo iliyobadilika.

Jumamosi, 15 Februari

Wageni wamepungua. Nyumba kimya.

Nilimuuliza Dorota. Sijui kwa nini leo. Nilisema, mwanangu, kwenu watu hawacheki? Yeye Kiswahili chake kizuri, amekipatia humu humu kwangu, na ngeli hazimpigi chenga kama zinavyompiga Nasr. Alifikiri kwanza. Huwa anafikiri kwanza, na watu wanadhani amekasirika.

Akasema mjini kwao, ukimtabasamia mtu usiyemjua, ataangalia nyuma yake kuona unamtabasamia nani. Halafu atajiuliza unauza nini. Halafu atadhani una kasoro kichwani. Alisema yote haya bila kutabasamu.

Nikamwambia neno ambalo Salma hulisema kila mara, kwamba kutabasamu ni sadaka. Akasema, "Basi mimi natoa kidogo kidogo."

Zamani ningecheka. Midomo ilicheka. Ndani hapakuwa na mtu.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani. Siku zote ni moja. Nalala baada ya alfajiri, naamka, nasoma juzuu, nalala. Daku nakula kwa kuwa imewekwa.

Dorota anafunga vizuri, halalamiki. Anapika supu ya kwao ya viazisukari, mboga nyekundu inayotia rangi kila kitu. Zuhra anaipenda. Mimi naila. Siijui ladha yake wala ya kitu kingine.

Kiti cha mzee bado kipo mlangoni. Sikitazami, wala sikikwepi.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Watu wamejaa toka asubuhi. Halwa, kahawa, watoto wenye nguo mpya. Mimi ndani ya nyeupe yangu, nikitabasamu.

Na Dorota na uso wake.

Leo hakuna aliyemsifu. Salma alivumilia mpaka adhuhuri. Kisha akamvuta jikoni, lakini Salma hana sauti ya jikoni, sote tulisikia. "Mwanangu, khalas, basi. Azaa siku tatu. Eda ya mamako mkwe, si yako. Ukiendelea kumlilia maiti ni haramu, tena siku ya Idd!" Dorota akamjibu, "Silii, shangazi. Napanga vikombe."

Ndipo Salma alipofahamu kwamba hapakuwa na huzuni yoyote pale mwezi wa pili. Kwamba ule ni uso tu. Alirudi amefura. Alijihisi ametapeliwa machozi yake.

Na bado. Alasiri chumba cha Dorota kikatoa kicheko. Kicheko kikubwa, cha wawili. Salma akaenda kuchungulia, baadaye akanisimulia kila kitu. Dorota alikuwa anazungumza na mama yake kwenye simu, wanaonana kwa picha. Mama mtu anacheka mpaka anapotea kwenye kioo. Dorota anafuta machozi. Alipoulizwa, Dorota akasema mama yake anauza maua sokoni na anacheka na kila anayepita. Shangazi yake tu ndiye mzito kama yeye.

Salma alirudi akakaa. "Basi si Upolandi," akasema. "Ni sisi. Sisi ndio hatuchekewi."

Miaka yote tulililaumu taifa zima. Sasa lawama haina pa kukaa, imemrudia Dorota mwenyewe.

Nilihisi kitu kidogo. Labda wivu. Kilipita.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya chakula Nasr alikaa mbele yangu. Salma ubavuni kwangu, amekuja kutoka Sur kwa ajili hii, sasa najua. Dorota hakuwepo, alimpeleka Zuhra kwa jirani.

Nasr alisema eda ikiisha nihamie Sur kwa shangazi Salma. Nyumba kubwa, chumba kinatazama bahari, watu hawakatiki. Yeye atamrudisha Dorota na mtoto Nizwa. "Najua umemvumilia, Mama," akasema. "Kukaa na uso ule kutwa nzima, nawe una msiba. Nakuomba radhi kwa niaba yake." Masikini mwanangu. Macho yake yalikuwa chini.

Nilitaka kusema kitu. Sijui nini. Midomo ikafunguka.

Salma akanishika mkono, akauinua juu kama mtu aliyeshinda mchezo. "Wifi yuko radhi! Mtazame anavyocheka!"

Nasr akashusha pumzi. Akanibusu kichwani. Ilikwisha hapo.

Usingizi haukuja, nikakumbuka nilivyoolewa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nyuma ya pazia, mashahidi upande wa pili. Niliulizwa kama niko radhi. Mwari hasemi, kimya chake ndicho kukubali kwake, na akicheka ndiyo zaidi. Shahidi mmoja alikuwa na kwikwi. Kila akitaka kusema kitu cha maana, kwikwi. Nikacheka. Bibi yangu akapiga kigelegele, kakubali! Nikaolewa. Nilipata mtu mwema, sina neno. Lakini hakuna aliyeniuliza mara ya pili, wala yeye.

Ijumaa, 18 Aprili

Salma amepaka rangi chumba changu cha Sur. Ameleta picha. Rangi ya waridi. Ameshawaambia watu mpaka Qalhat kwamba wifi yake anakuja kukaa naye. Watoto wake wote wako Maskati, nyumba yake ina vyumba vitupu na televisheni inayosema peke yake. Ananitaka kweli. Si mtu mbaya hata siku moja.

Nikifikiria chumba kile naona watu wanaingia na mimi natabasamu. Asubuhi, mchana, jioni. Mpaka nife. Watasema alikufa na furaha zake.

Sitaki kwenda. Nimeliandika. Kulisema ni kazi nyingine.

Jumatatu, 5 Mei

Joto limeanza. Dorota alikuwa anakata vitunguu, nami nachagua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, wewe unataka kwenda Sur?"

Nikatabasamu.

Watu wote duniani wangeendelea na vitunguu. Yeye akaweka kisu chini akanitazama. Akangoja. Akasema, "Hiyo sijui maana yake. Nijibu kwa mdomo."

Nikasema nitafikiri.

Akasema haya. Kisha akasema mambo yake, yote kwa mfululizo kama mtu anayesoma dawa. Kwamba yeye anataka kurudi Nizwa, hatanificha, Nasr yuko peke yake na kazi yake mwenyewe haitamngoja milele. Kwamba kule kuna chumba, kidogo, hakina bahari. Nikitaka ni changu. "Lakini utanichoka," akasema. "Mimi si mtu wa mazungumzo. Salma atakuchangamsha. Mimi sitakuchangamsha."

Nilikasirika. Kwa nini asinibembeleze kidogo? Hata neno moja la asali hakutia. Niliacha mchele nikaenda chumbani nikafunga mlango.

Nilikaa kitandani na hasira yangu. Mikono ilikuwa ya moto. Ndipo nikatambua kwamba nimekasirika. Ni kitu cha kwanza kunifika tangu mzee afe. Niliogopa kitaondoka, nikakaa kimya nacho.

Ijumaa, 16 Mei

Nasr yuko hapa. Mara mbili nimefungua mdomo kumwambia. Mara mbili ameuona uso wangu akasema, "Nashukuru umefurahi, Mama, nilikuwa na wasiwasi." Nikaishia hapo.

Nimejaribu mbele ya kioo. Nasema sitaki, na uso unasema karibu. Wendawazimu mtupu. Mtu mzima na nywele nyeupe nashindana na mashavu yangu.

Zuhra aliingia akanikuta. Akasimama pembeni yangu, akautazama uso wake kwenye kioo. Ametoka kama mama yake, mzito, macho makubwa. Salma anasema mtoto anatoa shikamoo kama karani. Mimi leo nilimwonea wivu mtoto wa miaka mitano.

Alhamisi, 29 Mei

Kesho naoga, natoka edani. Salma amefika na gauni jipya la kijani na marashi. Amelala chumba cha pili na anaimba. Sanduku langu limeshafungwa, amelifunga yeye. Gari ya Sur baada ya sala ya Ijumaa.

Sina hofu. Sina chochote. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba kesho nitapanda gari hivi hivi.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeoga. Nimesali. Nimevaa kijani. Salma alichoma udi, moshi ukaniingia nywele, nikasema alhamdulillahi kwa kuwa ndiyo inayosemwa.

Wakakusanyika ukumbini. Nasr ameshika sanduku. Salma ameshika mkoba wangu. Jirani wawili wamekuja kuniaga, wanacheka, wanafuta macho. Dorota amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha kukaushia vyombo.

Nikasema, "Sitaki kwenda Sur."

Salma akacheka. Akamwambia jirani, wifi yangu kesha kuwa mtundu, eda imemwingia akilini. Nikasema tena. Nasr akatabasamu pia, akaninyooshea mkono nishike twende. Na mimi najua kwa nini. Uso wangu ulikuwa wazi, umejaa ile "karibu" yangu ya mapokezi.

Nikavuta ncha ya shela nikajifunika mdomo mpaka puani. Nikasema mara ya tatu.

Hapo wakasikia. Nasr aliweka sanduku chini, polepole, kama lina vyombo vya kioo.

"Lakini ulikubali," akasema. "Ulicheka."

"Nilicheka. Sikukubali."

Salma akamgeukia Dorota. Rangi ilimtoka, kisha ikamrudi yote pamoja. "Wewe ndiye uliyemtia maneno haya! Umemfundisha mpaka anajiziba uso, mtu aliyekuwa nuru ya nyumba!"

Nikamtazama Dorota. Uso ule ule. Lakini kitambaa alikikunja akakikunjua, akakikunja tena. Sikuwahi kuvitazama vidole vyake kabla ya leo. Sote tulikuwa tukitazama mdomo.

Nikasema, nyuma ya shela yangu, "Hakunifundisha. Aliniuliza."

Salma akaweka mkoba kwenye kiti. Hakupiga kelele tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na mimi sikukuuliza," akasema. "Nilidhani nakujua." Alitoka. Nikasikia mlango wa gari. Chumba cha waridi kule Sur kitabaki kitupu na mimi ndiye niliyekiacha. Sina la kumpoza.

Nasr alikaa sakafuni kama mtoto. "Sasa unataka nini, Mama?" Ameuliza kwa sauti iliyochoka, lakini ameuliza.

Nilisema nataka Nizwa, kwenye chumba kisicho na bahari. Kama bado kipo.

"Kipo," akasema Dorota, akarudi jikoni.

Jumatatu, 9 Juni. Nizwa

Idd ya pili imepita. Salma alipiga simu siku yenyewe. Tulizungumza halwa na joto. Hakuuliza nina hali gani na mimi sikumwambia. Mwisho akasema, "Haya wifi," akakata. Amepiga, lakini.

Chumba ni kidogo kweli. Dorota amerudi kazini. Akija jioni anavua viatu, ananiuliza nimekula, nikisema ndiyo anaamini. Kisha tunakaa. Siku nyingine hatusemi kitu mpaka isha. Alisema kweli, hanichangamshi.

Leo asubuhi nilishuka kununua mkate. Kwenye ngazi nikakutana na jirani wa juu, mama wa Kisudani, anapandisha mifuko ya soko. Alinitabasamia, akanisalimia. Nikaitikia. Uso haukufanya kitu. Nilikuwa nimechoka tu, nikausahau.

Alisimama. Akaniuliza, "Dada, kuna jambo?"

Nikasema lipo. Mume wangu amekufa.

Akaweka mifuko chini, akakaa kwenye ngazi, akapiga kwa kiganja nafasi iliyo kando yake. Nikakaa. Nikamwambia jina la mzee. Nikamwambia alikuwa hali kitunguu kibichi, na kwamba asubuhi ile nilimwita kwa chai mara mbili kabla ya kwenda kumtazama. Nililia pale, mtu mzima, na shela ikalowa, na watu wawili wakapanda wakatupita.

Maziwa yalikuwa kwenye mfuko wake na joto lilikuwa limeshapanda. Hakuyatazama. Nilipomaliza tulichukua mfuko mmoja kila mtu, tukapandisha.